Escudo au X-Trail? Mwongozo kwa mnunuzi wa Masimba

MVUA inaponyesha alasiri mbili mfululizo katika eneo la Masaba Kusini, suala la gari huacha kuwa la fahari likawa la kufika nyumbani. Mji wa Masimba, ulio katika eneobunge la Nyaribari Masaba, Kaunti ya Kisii, hauko mbali na barabara kuu ya lami inayotoka Kisii kuelekea Keroka na Sotik. Lakini wakazi wengi hawaishi mjini. Maboma yao yako migongoni mwa vilima, katikati ya majani chai, ndizi na mahindi, na kipande cha mwisho cha safari aghalabu ni udongo mwekundu ambao ukilowa huteleza kama sabuni.

Lori za kubeba majani chai zimechimba mitaro miwili katika njia hizo. Gari dogo lisilo na kimo hukalia tumbo lake kati ya mitaro hiyo, na mwenye gari hulazimika kuwaita vijana wa kusukuma. Ikiwa ndani mna mgonjwa anayekimbizwa hospitalini Keroka au Kisii usiku wa manane, hapo ndipo thamani ya gari lenye nguvu katika magurudumu yote manne, lile ambalo madereva wetu huliita fowili, hudhihirika.

Ndiposa mwalimu aliyepata mkopo wa chama cha akiba, au mkulima aliyeweka bonasi za chai za miaka kadhaa, huanza kuuliza bei. Prado na Pajero humpita kimo. Anabaki na majina mawili ambayo ni ya rika moja na ambayo bei zake hukaribiana: Suzuki Escudo la kizazi cha tatu, lililoanza kuundwa mwaka wa 2005, na Nissan X-Trail la muundo wa T31, lililotoka mwaka wa 2007.

Jambo la kwanza analopaswa kufahamu mnunuzi ni kwamba magari haya hayaagizwi tena kutoka ng'ambo. Kiwango KS 1515:2000 cha Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa nchini, KEBS, hakiruhusu gari lililopita miaka minane tangu kusajiliwa mara ya kwanza. Mwaka wa 2025, kwa mfano, kikomo kilikuwa magari ya 2018. Kwa hiyo kila Escudo na kila X-Trail T31 anayoonyeshwa mnunuzi leo tayari imekwisha kukanyaga barabara za Kenya kwa miaka kadhaa, mikononi mwa mtu mmoja au watatu. Maneno ya broka kwamba gari "limetoka bandarini juzi" yasikubaliwe hata kidogo.

Tofauti iliyo chini ya sakafu

Kwa macho, magari haya yanafanana. Yote hubeba watu watano, yote yana nafasi ya sentimita 20 hivi kati ya tumbo na ardhi, na matangi yake ya petroli hutoshana. Tofauti yenyewe iko pale ambapo mnunuzi asiyeinama hataiona.

Escudo limejengwa kwa desturi ya magari ya porini. Injini yake imelala kwa urefu, na nguvu hugawanywa kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma wakati wote kupitia difu ya katikati. Karibu na dereva mna kidude cha kuchagulia: 4H kwa safari za kawaida, 4H Lock ambapo difu ya katikati hufungwa ili ekseli zote mbili zizunguke kwa mwendo mmoja, na 4L Lock, ambayo huongeza gia nzito inayozidisha nguvu ya kuvuta karibu mara mbili huku mwendo ukipungua. Ni hiyo gia nzito ambayo X-Trail halina.

X-Trail ni gari la kuvutwa na magurudumu ya mbele. Yale ya nyuma hupokea nguvu kupitia klachi inayoongozwa kwa umeme, na dereva huchagua kati ya 2WD, Auto na Lock. Katika Auto, kompyuta ya gari huihisi tairi inayoteleza na kupeleka nguvu nyuma. Katika Lock, nguvu hugawanywa mbele na nyuma, lakini kwa mwendo wa polepole tu. Gari likishika kasi, mfumo hurejea wenyewe katika Auto. Kwa utelezi wa dakika moja mbele ya lango, mpango huu unatosha na kubakia. Kwa mlima mrefu wa tope, klachi hiyo hupata joto, na joto likizidi, mfumo hujilinda kwa kuacha kupeleka nguvu nyuma. Dereva hubaki na magurudumu mawili mahali ambapo aliyahitaji manne.

Kisha kuna giaboksi, na hapa ndipo mwandishi huyu angemwomba msomaji atulie kidogo. X-Trail nyingi za T31 zilizoletwa nchini zina injini ya lita 2.0 na giaboksi ya CVT. Giaboksi hii haina gia za kupanda moja baada ya nyingine. Ina mkanda wa chuma unaopita kati ya puli mbili zinazopanuka na kusinyaa, na ndiyo maana gari huenda laini bila kushtuka. Adui ya mkanda huo ni joto na oili iliyochakaa. Gari lililojaa watu na magunia, likipanda mlima kwa kilomita 15 kwa saa katika tope, halipati upepo wa kuipoza giaboksi, na lenye CVT iliyochoka hupunguza nguvu lenyewe hadi lipoe.

Si uvumi wa gereji. Nchini Marekani, Nissan ilirefusha dhamana ya giaboksi za CVT kwa magari yake ya 2003 hadi 2010, ikafika miaka 10 au maili 120,000, na miongoni mwa magari hayo lilikuwamo Rogue, ambalo ni ndugu wa damu wa X-Trail T31. Mnunuzi wa Kenya, ambaye gari lilimfikia kupitia mikono kadhaa, hakuwa na dhamana ya aina hiyo.

Escudo la lita 2.0 au 2.4 lenye gia za kujibadilisha lina giaboksi ya zamani ya gia nne. Haivutii. Huunguruma kwenye lami na hunywa petroli. Lakini mekanika wa Kisii anaifahamu, na ikitunzwa huvumilia mateso.

Mlima, kimo na injini

Mji wa Kisii uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na barabara ya kwenda Keroka huzidi kupanda. Injini isiyo na tabo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000, kwa sababu hewa ni nyepesi. Farasi 137 za X-Trail la lita 2.0 zilizoandikwa katika karatasi za Japani si zile zitakazopanda vilima vya Masaba. Vivyo hivyo kwa Escudo la lita 2.0. Kwa sababu hii, anayetaka Escudo atafute lile la lita 2.4 lililoanza kuuzwa 2008, ambalo nambari yake ya chesisi huanza na TDA4W. La lita 2.0 huanza na TD54W. Kwa X-Trail, NT31 ni la lita 2.0 na TNT31 ni la lita 2.5. Herufi hizo zisomwe kwenye gari lenyewe wala si kwenye tangazo.

Kuhusu petroli, hesabu ifanywe kwa kalamu. Tuseme X-Trail la lita 2.0 linatumia lita 10 kwa kilomita 100, na Escudo la 2.4 lita 12. Kwa kilomita 15,000 kwa mwaka, Escudo litameza lita 300 zaidi. Lita ikiwa Sh180, hizo ni Sh54,000. Si pesa za kupuuzwa na mwalimu mwenye karo za kulipa. Hata hivyo, CVT ikifa, gharama yake yaweza kumeza akiba hiyo ya zaidi ya mwaka mmoja kwa siku moja, tukiacha nauli za kwenda Grogan au Kirinyaga Road, Nairobi, kutafuta nyingine iliyotumika ambayo historia yake haijulikani.

Katika mizigo, X-Trail linashinda bila ubishi. Buti lake lina nafasi ya zaidi ya lita 600, mlango hufunguka kwenda juu, na sakafu yake huoshwa kwa maji. Mikungu ya ndizi na madebe ya maziwa hukaa humo kwa raha. Escudo lina buti dogo, tena tairi la akiba limening'inia kwenye mlango wa nyuma unaofunguka kwa upande; ukiegesha karibu na ukuta sokoni hutaweza kuufungua. Viti vya X-Trail navyo ni bora kwa safari ya Nairobi. Kwa mtu ambaye nyumba yake iko kando ya lami, na ambaye tope huliona wikendi tu anapomtembelea mama, sioni sababu ya kumlazimisha kununua Escudo.

Lakini anayeishi kilomita mbili au tatu ndani, upande wa Kiamokama au Gesusu kwa mfano, na ambaye lazima apande mlima huo kila jioni kuanzia Machi hadi Mei, achukue Escudo. Gia nzito haina mbadala.

Namna ya kulikagua

Yote hayo hayana maana iwapo gari lenyewe limechakaa. X-Trail iliyotunzwa ni bora kuliko Escudo lililoteswa. Nambari ya kilomita kwenye dashibodi isiaminiwe. Kuirudisha nyuma ni kazi ya dakika chache. Tazama badala yake kanyagio la breki, usukani na kiti cha dereva. Raba ya kanyagio iliyoliwa hadi chuma haiambatani na kilomita 80,000.

Fika asubuhi, injini ikiwa baridi, na umkataze mwenyewe kuiwasha kabla hujafika. Magari yote mawili hutumia mnyororo wa injini badala ya mkanda. Escudo likilia kwa mbele kama mtu anayetikisa sarafu mkebeni, na mlio uendelee kwa sekunde kadhaa, mnyororo au kikazio chake kimechoka. Moshi wa samawati ni oili inayoungua. Pima oili kwa kijiti kabla na baada ya majaribio. Sikiliza pia difu ya mbele ya Escudo, ambayo huanza kuvuma bushi zake zinapokufa.

Kwa X-Trail, jaribio la mita 500 kwenye lami ni udanganyifu. Liendeshe kwa nusu saa, kisha ulipandishe mlima mkali polepole. Likitetemeka linapoondoka, injini ikipiga kelele bila mwendo kuongezeka, au likipoteza nguvu baada ya kupata joto, rudisha funguo. Uliza oili ya CVT ilibadilishwa lini na ni ya aina gani. Muundo huu huhitaji ile ya NS-2, na aliyetia oili ya kawaida ya giaboksi ameshaiua, hata kama bado inatembea.

Kagua matairi yote manne. Katika gari la fowili, matairi yasiyolingana kwa ukubwa au kwa kuchakaa huzilazimisha difu na klachi kufanya kazi bila kupumzika, hata kwenye lami. Ukikuta mawili mapya mbele na mawili yaliyolika nyuma, jua kwamba mwenye gari hakulielewa gari lake.

Kisha nenda kwenye udongo. Washa Lock, na kwa Escudo 4L, uone kama taa yake inawaka dashibodini na kama gari linavuta kweli. Mfumo ambao haujatumika kwa miaka mitano waweza kuwa umekwama, na muuzaji wa mjini huenda hajui.

Karatasi

Kabla ya kulipa hata shilingi ya kushikilia, fanya upekuzi wa gari katika mfumo wa Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama Barabarani, NTSA, kupitia eCitizen. Ada yake ni ndogo. Jina la mwenyewe lilingane na kitambulisho cha anayekuuzia, na nambari ya chesisi na ya injini zilingane na zilizo kwenye chuma. Benki au chama cha mikopo kikitajwa kuwa mmiliki mwenza, deni lipo, na gari laweza kutwaliwa mikononi mwako.

Uliza bima mapema pia. Kampuni nyingi husita kutoa bima kamili kwa gari lililopita miaka 12 au 15, na magari haya mengi yako katika umri huo. Atakayepata ya mtu wa tatu pekee ajue kwamba gari likibingirika mlimani, hasara ni yake.

Malipo yafanywe siku moja na uhamishaji wa umiliki, muuzaji akiwa mbele yako na simu yake mkononi, kwa maana ni yeye anayeanzisha ombi hilo kwenye akaunti yake, nawe ukalikubali kwenye yako. Sheria ya Trafiki haimruhusu mnunuzi kuliendesha gari kwa zaidi ya siku 14 kabla ya kusajiliwa kuwa mmiliki mpya.