NYUMBA ZETU, AFYA ZETU (Sehemu ya 3): Kutoka nyumba ya nyasi hadi chumba kimoja Tunduma



Mmeniuliza kwa nini mtoto akiletwa anakohoa, nauliza kwanza mnalala wangapi chumbani. Jibu liko kwenye historia yetu.

Zamani huku kwa Wanyamwanga na Wanyiha, nyumba ilikuwa ya miti na udongo, paa la nyasi, shamba pembeni. Mpaka wa Waingereza na Wajerumani ukapita katikati, ndugu wengine wakabaki upande wa Nakonde, wengine huku.

Miaka ya 1970 mambo yakabadilika haraka. Operesheni Vijiji ikawakusanya watu nchi nzima wakae karibu karibu. Hapo hapo ikaja lami ya kwenda Zambia, na reli ya TAZARA iliyojengwa 1970 hadi 1975. Tunduma ikawa mlango wa nchi. Wakaja madereva, wafanyabiashara, mama lishe, na familia zao.

Sasa angalia sensa: mwaka 2012 mji ulikuwa na watu zaidi ya 97,000. Mwaka 2022, zaidi ya 219,000. Miaka kumi tu! Wenye viwanja wakajenga vyumba vya kupangisha, mlango kwa mlango, tofali na bati. Chumba cha mtu mmoja, leo analala baba, mama na watoto watatu.

Bibi yangu alipikia jiko la nje. Moshi ulimuumiza macho, sikatai, lakini alikolala hewa ilipita. Sisi baridi ya Juni ikiingia tunaziba dirisha kwa nguo, tunaingiza jiko la mkaa ndani, tunafunga mlango.

Hewa ya sumu ya mkaa haina harufu. Unasinzia tu, basi. Usiku mmoja nikiwa zamu, tulipokea mama na mtoto wa miezi minane. Walipona kwa sababu jirani wa ukuta wa pili alisikia mtoto analia bila kunyamazishwa, akavunja mlango.

Kubanana kwetu ndiko kulikowaokoa. Lakini usitegemee jirani. Jiko litoke nje kabla hamjalala, hata kama limebaki majivu ya moto tu. Dirisha liachwe wazi kidogo. Mtoto mvalishe soksi, kofia, mlale naye karibu.

Hebu niambie, nyumba ya bibi yako ilikuwaje? Kesho sehemu ya 4: maji.