Kalibu za Dhahabu ya Sofala

Sisi watu wa pwani tunapoitaja dhahabu ya Sofala, ambayo Al-Masudi aliiandika katika karne ya 10, fikira zetu huenda moja kwa moja kwenye majahazi na mizani ya matajiri wa Kilwa, na ni nadra kuikumbuka kalibu, kile chungu kidogo cha udongo ambamo dhahabu ile iliyeyushwa huko bara, katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe, kwa mikono ya mafundi ambao majina yao hayakuandikwa katika tarehe yoyote.

Kazi yao ilitaka subira. Jiwe jeupe lenye mshipa wa dhahabu lilipashwa moto ndani ya shimo la machimbo hata likapasuka, likapandishwa juu, likapondwa na kusagwa mpaka likawa unga, na unga ule ukaoshwa, maji yakauchukua mchanga mwepesi, dhahabu ikabaki chini kwa uzito wake. Chembe hizo ndizo zilizotiwa katika kalibu, zikavukutiwa makaa hata joto likapita nyuzi 1,064 za Selsiasi, kwani chini ya hapo dhahabu haiyeyuki. Nyingine ilifuliwa huko huko bara, kama ile ya sanamu ndogo ya faru wa Mapungubwe, katika Afrika Kusini ya leo, ya karne ya 13, iliyovikwa bamba jembamba likashikizwa kwa misumari midogo ya dhahabu. Nyingine iliteremka Sofala, ikafika Kilwa ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyemkaribisha Ibn Battuta mwaka 1331, na ambaye sarafu yake ya shaba imefukuliwa katika magofu ya Zimbabwe Kuu.

Lakini kalibu ina msiba wake. Mwaka 1895 kampuni moja ya Wazungu, iliyojiita Ancient Ruins Company, ilipata idhini ya kutafuta dhahabu katika magofu yote ya nchi ile isipokuwa Zimbabwe Kuu, na kwa muda wa miaka mitano ikafukua makaburi, ikavua mifupa ya wafalme shanga na bangili zao, na nyingi katika hizo ikaziyeyusha ziuzwe kwa uzito. Sheria ya kuyahifadhi magofu ilikuja mwaka 1902, mali imekwisha teketea.

Ndiyo maana mwanachuoni atakaye leo kuijua sanaa ya mafundi wale hana budi kuinamia vigae vya kalibu zao, ambavyo wanyang'anyi waliviona havina thamani: humo, katika ukoko uliogeuka kioo, yamo matone ya dhahabu madogo kuliko punje ya ulezi, yaliyoganda siku ile fundi alipoinamisha chungu chake na kumimina.