Kinyago cha Kimakonde: halisi na bandia

Kinyago cha Kimakonde ni mchongo wa mti unaotoka mikononi mwa Wamakonde wa pande mbili za mto Ruvuma: wale wa Newala, Tandahimba, Masasi na Mtwara nchini Tanzania, na wale wa uwanda wa juu wa Mueda nchini Msumbiji. Sokoni jina hilo hupewa karibu kila mchongo mweusi unaong'aa. Hapo ndipo bandia hupenya, kwa sababu weusi hupakwa.

Vinyago vya zamani vya Newala havikuwa vya mpingo. Vinyago vya midimu, ngoma inayochezwa vijana wanapotoka jandoni na unyagoni, huchongwa kwa mti laini na mwepesi, kwani mchezaji huvaa kinyago usoni na kurukaruka nacho. Mjerumani Karl Weule, aliyefika Masasi na Newala mwaka 1906, alikusanya vinyago vya namna hiyo na kuvipeleka Leipzig. Mpingo ulishika nafasi miaka ya 1950, baada ya Wamakonde wa Msumbiji kuvuka Ruvuma kutafuta kazi, wengi katika mashamba ya mkonge, kisha wakaanza kuchonga vya kuuza. Mjini Dar es Salaam mfanyabiashara Mohamed Peera alinunua kazi zao na kuwahimiza. Mwishoni mwa miaka hiyo mchongaji Samaki Likankoa alianzisha mtindo wa shetani. Mtindo wa ujamaa, nguzo ya watu waliobebana, hutajwa kuwa umetoka kwa Roberto Yakobo Sangwani. Kwa hiyo anayefika Newala na kukikataa kinyago kwa kuwa si cheusi anakosea vibaya: huenda ameiacha kazi iliyo karibu zaidi na asili.

Kwa kinyago kinachouzwa kuwa cha mpingo, jambo la kwanza ni mti wenyewe. Mpingo (Dalbergia melanoxylon) hukua polepole mno. Kiini chake ni cheusi au cha zambarau iliyokolea, na kimezungukwa na tabaka jembamba la mbao ya manjano hafifu. Ujazo wa lita moja wa mpingo mkavu una uzito wa kilo 1.2 hivi, kwa hiyo mpingo huzama majini. Kinyago kikubwa kinachonyanyuliwa kama kikapu kitupu hakikutoka katika mti huo. Bandia ya kawaida ni mti mweupe uliosuguliwa dawa nyeusi ya viatu. Kitambaa chenye unyevu kikipitishwa katika mikunjo, rangi huweza kutoka. Kutumia spiriti hakufai, kwa kuwa hata mpingo wa kweli huweza kuachia rangi yake kidogo. Njia ya uhakika ni kukwaruza kidogo chini ya kitako, mahali pasipoonekana: mti uliopakwa huonyesha weupe mara moja, mpingo hubaki mweusi. Mkanda wa manjano ulioachwa ubavuni mwa mchongo si kasoro. Mafundi wengi huuacha kwa makusudi, na ni ushahidi mzuri kuliko weusi mtupu.

Mti wa kweli hauthibitishi mkono. Wakamba wa Kenya nao ni wachongaji hodari, na mitindo ya Kimakonde huigwa Mombasa na Nairobi kama inavyoigwa Dar es Salaam. Kazi hizo ni za mkono kweli, ila si za Kimakonde. Penye mkono, alama za tezo, patasi na tupa hubaki ndani ya mikunjo ambako msasa haufiki, na hakuna nyuso mbili zinazofanana kabisa. Katika ujamaa ulio bora watu wote wametoka katika gogo moja, hakuna kiungo cha gundi, na kila mmoja ana kazi yake. Nyuso zinazojirudia ni dalili ya haraka ya soko. Kilichomiminwa katika kalibu hakina nyuzi za mti, na mara nyingi kina mstari wa kiungo ubavuni.

Ugumu mkubwa uko kwenye vinyago vya ngoma, maana hapo kinachoghushiwa ni umri. Kipya hufukiwa udongoni au hutundikwa moshini hadi kikae kizee. Kilichochezwa kweli huonyesha kwa ndani: kingo zimelainishwa na ngozi na jasho, na matundu ya kufungia kitambaa yamelika upande uliovutwa. Udongo uliopakwa hukaa sawasawa kila mahali. Uchakavu wa matumizi haukai hivyo.

Uhalisi wa kitu hautoshi kuonyesha ni cha nani. Mwaka 1984 kinyago cha Kimakonde kiliibwa katika Makumbusho ya Taifa mjini Dar es Salaam. Mwaka uliofuata kilinunuliwa na makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva. Kilirudishwa Tanzania mwaka 2010.