Chuma kinachokula sampuli

Ingiza kiasi kilekile cha ATP, molekuli inayobeba nishati ndani ya seli, mara tano kwenye mashine ya kromatografia ya kimiminika, inayotenganisha vilivyomo kwenye mchanganyiko. Kilele cha kwanza kwenye grafu huweza kutoka kifupi, cha tano kirefu. Mpimaji hakukosea. Sampuli za mwanzo zimebaki njiani, zimeganda kwenye chuma.

Mikhail Tsvet, mtaalamu wa mimea kutoka Urusi aliyebuni kromatografia, hakuwa na shida hiyo. Mwanzoni mwa karne ya 20, mjini Warsaw, alijaza unga wa chaki ndani ya bomba la kioo, akamimina rangi za majani na kuzitazama zikijitenga tabaka kwa tabaka.

Miaka ya 1960 watafiti, akiwemo Csaba Horváth wa Chuo Kikuu cha Yale, walitaka kasi. Chembe za ndani ya bomba, yaani kolamu, zikawa ndogo mno, pampu ikabidi isukume kwa nguvu, na kazi ya kubeba shinikizo ikapewa chuma kisichoshika kutu.

Kinachokikinga na kutu ni utando mwembamba wa oksaidi, na humo ndimo mtego ulimo. Atomi za metali kwenye utando zina njaa ya elektroni. Fosfati ya ATP inazo za kutoa. Zikikutana hung'ang'aniana. Pabaya zaidi ni vichujio vya ncha za kolamu: ni vidogo kwa macho, lakini vitundu vyake vina eneo kubwa la kunasia.

Maabara zilihangaika. Wapo walioosha mitambo kwa asidi ya nitriki, nafuu ikadumu kwa muda tu. Wapo waliotumia plastiki ya PEEK, ambayo baadhi ya viyeyusho huivimbisha. Wengine walikishibisha chuma kwa sampuli yenyewe, na hilo linaniuma: sampuli ya mgonjwa huwa matone machache tu.

Mwaka 2004 kampuni ya Waters ya Marekani ilitoa mashine inayofikia shinikizo la zaidi ya mara 1,000 ya lile la hewa. Kolamu zikawa nyembamba, sampuli ikapungua, fungu lililoliwa likaonekana zaidi. Mwaka 2020 kampuni hiyohiyo ilileta kolamu ambazo chuma chake kimevikwa, kwa njia ya mvuke, utando wa silika iliyochanganywa na kaboni. Silika ndiyo malighafi ya kioo cha Tsvet. Sasa chuma hubeba shinikizo bila kugusana na sampuli, na wanaopima dawa za RNA, molekuli ambayo uti wake umejaa fosfati, wanauhitaji sana utando huo.