Nani Anailipia Mimbari? Waumini, Fedha na Sauti ya Viongozi wa Dini Nchini Kenya

Mwaka 1986 chama tawala cha KANU kiliamua kwamba katika uteuzi wa wagombea wake wanachama wajipange mlolongo nyuma ya mgombea wanayemtaka, au nyuma ya wakala au picha yake, huku kila mtu akiona. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 ya mlolongo angepita moja kwa moja bila kura ya siri kupigwa. Agosti mwaka huo wachungaji waliokutana katika Chuo Kikuu cha Kenyatta, chini ya Baraza la Kitaifa la Makanisa Kenya (NCCK), waliukataa utaratibu huo, na maaskofu Wakatoliki nao wakaupinga. Pingamizi lao lilitoka katika kazi yao ya kila siku. Mchungaji akisimama mchana kweupe nyuma ya picha ya mgombea mmoja, Jumapili inayofuata atawatazamaje waumini waliosimama katika mlolongo wa pili, nao wanamjia kupokea ushirika katika meza ileile?

Serikali iliyachukua maneno hayo kuwa uasi. Kuanzia hapo hadi Kifungu cha 2A, kilichoruhusu chama kimoja tu, kilipofutwa katika Katiba, Desemba 1991, na vyama vingi kuruhusiwa tena, mimbari ilikuwa miongoni mwa mahali pachache ambapo Mkenya angeweza kuisikia serikali ikikosolewa hadharani. Kipindi hicho husimuliwa kwa majina: Henry Okullu wa Maseno Kusini, Alexander Muge wa Eldoret, David Gitari wa Mlima Kenya Mashariki, Ndingi Mwana a'Nzeki wa Nakuru, Timothy Njoya wa Presbiteri. Ni haki yao kukumbukwa. Hata hivyo, simulizi inayoishia kwenye majina inawaacha nje waliowabeba. Hoja yangu ni kwamba kumuunga mkono kiongozi wa dini anayewakemea watawala ni wajibu wa waumini wenyewe, wajibu huo una gharama inayohesabika, na sehemu kubwa ya gharama hiyo ni fedha.

Tuanze na Gitari. Juni 1987 alihubiri kutoka Danieli sura ya 6, habari ya maofisa waliotunga sheria mahususi ili wamnase mwenzao mwaminifu. Hakumtaja mwanasiasa yeyote, lakini wanasiasa walijitambua na wakamshambulia kwa siku nyingi. Usiku wa Aprili 21, 1989 genge la majambazi lilivamia nyumba yake huko Kirinyaga. Askofu alipanda juu ya paa akapiga mayowe. Majirani wakaitika, majambazi wakakimbia. Kilichomwokoa usiku ule hakikuwa cheo wala waraka wa maaskofu wenzake. Ni watu waliotoka vitandani gizani bila kujua wangekutana na nini. Hilo ndilo tendo la kuunga mkono katika umbo lake la msingi, na sijaona likipewa uzito unaostahili katika maandishi ya historia ya kanisa letu.

Muge hakuupata wokovu wa namna hiyo. Agosti 1990 Peter Okondo, aliyekuwa Waziri wa Kazi, alionya hadharani kwamba Muge na Okullu wakikanyaga Busia huenda wasitoke hai. Muge alikwenda Busia, akahubiri, na Agosti 14, akiwa njiani kurudi, gari lake likagongana na lori. Alifariki dunia. Waziri alijiuzulu. Njoya naye aliadhibiwa na kanisa lake mwenyewe: katikati ya miaka ya 1980 aliondolewa St Andrew's, Nairobi, akapelekwa Tumutumu. Serikali haikulazimika kumgusa, maana wakubwa wake waliifanya kazi hiyo. Alirudi katika mimbari ya Nairobi, na siku ya Mwaka Mpya wa 1990 akahubiri kwamba kilichozipata tawala za chama kimoja za Ulaya Mashariki kingeweza kuzipata za Afrika.

Upande wa Waislamu gharama ilikuwa kubwa zaidi, kwa kuwa mgongo wa taasisi haukuwapo. Sheikh Khalid Balala alipoibuka Mombasa mwaka 1992 na Chama cha Kiislamu cha Kenya (IPK), serikali ilikataa kukisajili chama hicho. Baadaye, akiwa Ujerumani, alinyimwa pasipoti mpya, akakaa huko bila njia ya kurudi nyumbani hadi 1997. Mtu anaweza kutokubaliana na siasa zake na bado akaona kwamba hakuna mhubiri anayestahili kupokonywa nchi yake.

Linganisha hali yake na ya mama wa wafungwa wa kisiasa. Mwishoni mwa Februari 1992 walianza mgomo wa kula katika bustani ya Uhuru Park. Machi 3 polisi waliwapiga, na baadhi ya mama wakavua nguo kuwalaani. Kanisa Kuu la Watakatifu Wote liliwafungulia mlango, wakaishi humo kwa muda wa karibu mwaka mzima. Kanisa lile lilikuwa na paa ambalo halikudaiwa na mtu yeyote Ikulu.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Katika miaka ile NCCK ilitegemea kwa kiasi kikubwa fedha za makanisa wenza ya ng'ambo. Utegemezi huo ulikuwa na kasoro zake, lakini uliiweka mbali na mkono wa mwanasiasa wa hapa. Huku chini, katika makanisa ya vijijini na mitaani, harambee ilikuwa ikifanya kazi nyingine: mgeni wa heshima anakuja na msafara, anapewa kipaza sauti kabla ya baraka, bahasha inapokelewa, na tangazo la kiasi kilichotolewa linapigiwa makofi kuliko mahubiri. Mchungaji aliyejengewa hivyo anajua, hata kama hakuna anayemwambia, ni sura gani za Biblia azipite haraka.

Malipo ya deni hilo tuliyaona mwaka 2007. Katibu Mkuu wa NCCK alijiuzulu akagombea ubunge, akashinda. Viongozi wengi waliobaki waligawanyika kwa kabila na chama, na damu ilipomwagika baada ya uchaguzi, kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret likichomwa watu wakiwa ndani yake Januari 1, 2008, hapakuwa na sauti ambayo pande zote mbili zingeiamini. Februari mwaka huo NCCK ilikiri hadharani kwamba viongozi wa makanisa walikuwa wamechukua upande. Naiheshimu sana toba hiyo.

Wanaosema dini isiingilie siasa hukitumia kipindi hicho kama ushahidi. Wanachokishuhudia, kwa maoni yangu, ni dini iliyokuwa imekoma kuwakemea wakubwa na kuanza kuwatumikia wakubwa wawili walioshindana. Na mpaka wa uungaji mkono uko hapohapo: askofu anayekemea wizi wa serikali moja na kunyamazia wizi wa jamaa yake hana haki ya kudai tumlinde kwa jina la unabii.

Novemba 2024 maaskofu Wakatoliki walitoa tamko kali kuhusu ahadi zisizotimizwa na uongo katika serikali ya Rais William Ruto. Siku chache baadaye Rais alihudhuria ibada katika kanisa la Soweto, Kayole, akatoa mamilioni ya shilingi, yakiwamo milioni 2 za nyumba ya padri, na kuahidi nyongeza pamoja na basi. Askofu Mkuu Philip Anyolo aliagiza fedha zirudishwe. Wakenya wengi walimshangilia, nami nilishangilia. Lakini shangwe hazijengi nyumba. Waumini wanaotaka askofu wao aseme kweli, kisha wakamwachia ankara ya saruji, wanamtuma tena kwa yuleyule aliyemkatalia.

Kwa hiyo kila parokia na kila usharika uanzie kwenye hesabu: mweka hazina asome kila robo mwaka nani ametoa nini, na kamati ya ujenzi iwe na haki ya kukataa. Misikiti ina hazina ya wakfu, lakini kwa miaka mingi Tume ya Wakfu ilisimamiwa na makamishna ambao, chini ya sheria iliyotungwa 1951, waliteuliwa na serikali. Waislamu wanaodai maimamu huru wana sababu ya kudai wakfu usimamiwe bila mkono wa serikali. Tena, maaskofu wana mawakili na waandishi wa habari. Mchungaji wa mtaa hana. Akihamishwa wiki mbili baada ya mahubiri yaliyomkera mbunge, waumini wamwandikie mwenye mamlaka ya kumhamisha, wakiweka majina na sahihi zao, wadai sababu kwa maandishi.