Virchow: Kutoka Seli hadi Serikali

Kwa karne nyingi, waganga wa Ulaya waliamini kwamba ugonjwa hutokana na kuvurugika kwa majimaji manne ya mwili: damu, kohozi, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi. Mwaka 1761, Giovanni Battista Morgagni wa Chuo Kikuu cha Padua alichapisha matokeo ya kupasua mamia ya maiti, akaonyesha kuwa ugonjwa una makao yake katika kiungo mahususi. Takriban miaka 40 baadaye, Xavier Bichat wa Ufaransa alishuka ngazi moja zaidi: ndani ya kiungo kimoja, tishu moja yaweza kuugua na jirani yake ikasalimika.

Ngazi ya tatu ilifikiwa na Rudolf Virchow. Katika mihadhara 20 aliyoitoa Berlin mwaka 1858, alifundisha kwamba kila seli huzaliwa na seli nyingine, rai ambayo Robert Remak alikwisha kuieleza kabla yake, na kwamba asili ya ugonjwa itafutwe katika seli zilizobadilika. Patholojia ya leo ingali imesimama juu ya msingi huo.

Wengi wetu tulifundishwa habari za Virchow zikaishia hapo. Miaka 10 kabla ya mihadhara hiyo, akiwa na umri wa miaka 26, serikali ya Prussia ilimtuma Silesia ya Juu, ambako homa ya tifasi na njaa vilikuwa vikiwateketeza wakulima waliozungumza Kipolandi. Ripoti yake haikuomba dawa pekee. Iliwalaumu watawala na makabaila kwa ufukara wa watu, ikapendekeza demokrasia kamili, elimu, matumizi ya lugha ya wenyeji na kodi zenye haki. Aliporejea Berlin alijiunga na mapinduzi ya Machi 1848. Mwaka uliofuata siasa zake zilimponza, akahamia Würzburg, na hakurudi Berlin hadi 1856. Baadaye, akiwa diwani wa jiji hilo, alipigania mifereji ya majitaka.

Hakuwa mtu asiyekosea. Alichelewa kukubali kwamba vijidudu husababisha maradhi, pengine kwa sababu aliamini mno kuwa chanzo chake ni seli na umaskini. Hata hivyo, tifasi huenezwa na chawa, na chawa hustawi penye msongamano, baridi na nguo zisizofuliwa. Ushauri wake ungeokoa maisha hata kabla kijidudu chenyewe hakijajulikana.

Kwetu, kipindupindu hurudi mara kwa mara katika mitaa ile ile. Maabara hututajia bakteria, nasi hutosheka na jibu hilo. Virchow angeuliza pia maji ya mtaa huo hutoka wapi, na nani aliidhinisha bajeti isiyo na mabomba.