Mrisho Ngassa, Mwana wa Mwanza Aliyevuka Mara Nyingi



Kwa miaka mingi, msafiri aliyefika Kigongo alilazimika kungoja kivuko ndipo afike Busisi. Tangu Juni 2025 tunavuka kwa daraja. Hata hivyo, wako watu ambao kazi yao yenyewe ni kuvuka, kutoka kwa mwajiri huyu kwenda kwa yule. Juma hili tumtazame mmoja wao, mwanasoka Mrisho Ngassa, aliyezaliwa Mwanza mwaka 1989.

Ng'ambo ya pili ya ziwa aliichezea Kagera Sugar, kisha mwaka 2006 akaenda Yanga ya Dar es Salaam. Februari 2009, katika fainali za CHAN huko Ivory Coast, ni yeye aliyefunga goli lililowalaza wenyeji 1-0. Mwaka huohuo alifanya majaribio West Ham ya Uingereza, akarudi bila mkataba. Mwaka 2010 alihamia Azam. Julai 2011 alikwenda kujaribiwa na Seattle Sounders ya Marekani, akaingizwa kipindi cha pili dhidi ya Manchester United. Sounders walifungwa 7-0, naye akarudi tena nyumbani.

Hapa ndipo wengi hufunga kitabu na kusema: alishindwa. Vijana wetu wa mwaloni nao hupimwa hivyohivyo. Aliyekwenda mjini kujaribiwa akarudi mikono mitupu huonekana amepoteza wakati.

Lakini tuendelee kusoma. Alichezea Simba, akarejea Yanga mwaka 2013, na mwaka uliofuata alikuwa miongoni mwa wafungaji bora wa Ligi ya Mabingwa Afrika kwa magoli 6, ingawa Yanga ilitolewa mapema na Al Ahly kwa mikwaju ya penalti. Mwaka 2015 alikwenda Free State Stars ya Afrika Kusini, kisha Fanja ya Oman, akarudi Mbeya City, akapita Ndanda ya Mtwara, na hatimaye Yanga kwa mara nyingine. Kwa Taifa Stars alifunga magoli 25 katika mechi 100, rekodi iliyokaa miaka mingi bila kufikiwa.

Tutambue jambo moja. Magoli mengi kati ya hayo 25 yalipatikana baada ya mlango wa London kufungwa. Angalijihesabu kuwa ameshindwa akiwa na miaka 20, taifa lingalipoteza sehemu kubwa ya historia yake ya soka.

Basi mzazi mwenzangu, mwanao anaporudi na mfuko wake mtupu, usimpokee kwa kumhukumu. Mpe maji, mpe chakula, kisha umwulize kwa upole: kesho mazoezi yanaanza saa ngapi?